Kifurushi Juu ya Benchi

Daktari alikuwa amesema wiki sita bila kutamka neno. Wiki ya sita ilipotimia alimmulika mgonjwa wake kooni, akazima tochi, akavua glovu kidole kimoja kimoja, ndipo akasema sauti itarudi, ila haitakuwa ile.

"Utaagiza chai. Utamwita mkeo kama yuko chumba hicho hicho," alisema. "Lakini kusema saa mbili mfululizo mbele ya watu, mzee wangu, hilo lisahau."

Mgonjwa akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa shati, akaandika, akamgeuzia. *Kunong'ona je?*

"Neno moja moja. Siyo hotuba."

Mkewe, aliyekuwa amekaa kando na mkoba mapajani, alishukuru kwa niaba ya wote wawili. Njiani waliingia dukani kununua mkate. Mwenye duka, ambaye siku zote alimpokea kwa utani, safari hii alimwinamia mteja wake akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, akimuuliza anataka mkate mmoja au miwili. Mteja hakuwa kiziwi. Aliinua kidole kimoja, akapokea mkate, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena duka lile.

Watu walimwita Kinanda, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameketi pembeni ya kitambaa cheupe katika ukumbi wa filamu, ambao zamani ulikuwa ghala la saruji, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu filamu za kigeni huku zikiendelea. Alilia na wajane, alinguruma na majambazi, alibana pua akawa bibi kizee anayedai kodi ya nyumba. Walikuwepo waliolipa kiingilio wakafumba macho, wakasema picha ni ya bure, wao wamekuja kumsikiliza Kinanda.

Jambo ambalo watu hao hawakulijua, na nalisema mapema nisije nikaonekana mchawi baadaye, ni kwamba Kinanda hakuijua lugha ya filamu zile. Hata salamu. Aliyeijua ni mkewe. Kabla ya kuolewa alikuwa amelea watoto wa wahandisi wa kigeni waliokuja kujenga daraja, miaka saba, na lugha yao ikamwingia kwa masikio. Maneno alikuwa nayo, sauti hakuwa nayo. Ukimwomba chumvi mezani alikujibu kwa namna ambayo ungedhani anaongea na chumvi yenyewe. Mumewe alikuwa na sauti na hakuwa na maneno, basi wakajumlisha. Mke alikaa nyuma ya pazia jeusi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akanong'ona kila sentensi. Mume akaidaka, akaivika nguo, akawatupia watu. Waliomwona mama huyu akipita nyuma na birika walidhani anampelekea mumewe maji. Na kweli maji alimpelekea pia. Bila kugeuka, Kinanda alinyoosha mkono wa kushoto nyuma ya pazia, na kikombe kilikuwa kimeshafika.

Nawastaajabia watu wawili hawa na sifichi. Ukitaka kuwahukumu kwa udanganyifu, wahukumu, lakini kwanza jaribu wewe kumnong'onezea mtu saa mbili bila kukohoa.

Jumatatu iliyofuata mwenye ukumbi alikuja nyumbani kwao na kilo mbili za sukari na Kasuku. Sukari aliiweka mezani. Kasuku alijiweka mwenyewe, kwenye kiti kizuri.

Kasuku alikuwa mtangazaji wa minada, kijana mwenye kifua kipana aliyepata jina hilo kwa kukariri kila alichowahi kusema Kinanda. "Shikamoo, baba," alisema. Kinanda akainua mkono.

"Anasema marahaba," alisema binti yao, aliyekuwa amerudi kutoka zamu yake ya asubuhi kwenye duka la dawa.

"Mzee, pole sana," alianza mwenye ukumbi. "Sina mengi. Jumamosi saa kumi alasiri ukumbi unatimiza miaka ishirini. Nimepata nakala mpya ya Filamu ya Stesheni. Safi, haina mkwaruzo, unaona mpaka vifungo vya shati. Matangazo nimeshabandika. Sasa tulikuwa tunaongea na huyu kijana hapa."

"Mimi nimekusikiliza tangu nina meno ya utoto, baba," alisema Kasuku. "Filamu ile naijua yote kwa kichwa. Nimekuja kuomba baraka tu. Na kama kuna daftari ulikuwa unaandika tafsiri zako, basi na daftari."

Mama wa nyumba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ikichuruzika maji ya vyombo. "Nitakaa mimi," alisema.

Ilibidi arudie, kwa kuwa hakuna aliyesikia.

"Kukaa wapi, shemeji?" aliuliza mwenye ukumbi.

"Kwenye kiti. Jumamosi."

Mwenye ukumbi alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba kesho atanunua ndege. "Shemeji yangu, pale ni watu mia tatu. Siyo watu wa kusimuliwa habari za sokoni. Na lugha je?"

"Lugha naijua."

"Umeipata kwa mzee?"

Binti akafungua mdomo. Mama akamtazama, na mdomo ukafungwa. Kinanda alikuwa akitazama sakafu, pale ambapo saruji ilikuwa na ufa.

"Ndiyo," alisema yule mama. "Kwa mzee."

Mwenye ukumbi alikuna shingo. Alikuwa mtu wa biashara lakini moyo haukuwa wa jiwe, na Kinanda ndiye aliyemjazia ukumbi kwa miaka yote ile. "Sawa," alisema mwishowe. "Jumamosi ukae wewe. Watu wakikukubali, kiti kinabaki nyumba hii. Wakikuzomea, Jumapili anakaa Kasuku, na tusilaumiane."

"Tusilaumiane," alisema mama.

Wageni walipoondoka Kinanda aliandika kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. *Usinivue nguo mbele ya watu.*

Mkewe alisoma, akajifuta mikono kwa kanga. "Nguo hizo nimezishona mimi," alisema polepole. "Nitazivuaje, baba? Sitamwambia mtu."

*Hata ukinyamaza watajua. Mtu hajifunzi lugha kwa kupeleka maji.*

Kinanda akageuza ukurasa, akaandika tena, safari hii kwa mwandiko mdogo. *Na ukifika mwisho utasema nini?*

Mkewe akamrudishia daftari. Akaenda kumalizia vyombo.

Filamu ya Stesheni ni ya mpakia mizigo mmoja na mkewe. Ni maskini, wanagombana kwa mapenzi, na mwanamume ana fundo lake la kufungia mizigo ambalo hakuna mwingine stesheni nzima anayeliweza. Kisha anasingiziwa wizi wa mzigo na anafungwa miaka kumi na mmoja. Barua zinakuja, zinapungua, zinakoma. Katika picha ya mwisho mwanamke, sasa mzee, amekaa peke yake kwenye benchi la stesheni na kifurushi kidogo cha kitambaa. Anatazama saa ya ukutani. Anakiweka kifurushi juu ya benchi, anainuka, anaondoka. Treni inafika. Mume anashuka, naye amezeeka, anakiona, anakichukua, anakipima mkononi, wala hakifungui. Majina yanaanza kupanda. Hakuna aliyesema neno.

Ndani mna nini? Kwa miaka kumi na miwili mtaa ule uligombana juu ya swali hilo kwa vinyozi, katika foleni za maji, hata msibani. Wapo waliosema ni pete, mwanamke ameirudisha, kwaheri ya kutoonana. Wengine walisema pesa. Mkunga mmoja mstaafu alishikilia kwamba ni jino la kwanza la mtoto aliyezaliwa baba akiwa gerezani, na hakuna aliyethubutu kumbishia kwa sababu nusu ya mtaa aliizalisha yeye. Ila neno lililokubalika, lililowafanya watu warudi kuitazama mara ya tano na ya sita, lilikuwa la Kinanda. "Ni ufunguo," alisema Kinanda siku ile ya kwanza. "Amemwachia ufunguo wa nyumba. Ametangulia kwenda kuwasha moto." Fundi viatu wa pale mlangoni mwa ukumbi, aliyekuwa hasemezani na kaka yake kwa sababu ya kibanda cha urithi, kesho yake alikwenda akamkabidhi kaka yake ufunguo wa akiba wa kibanda. Mpaka leo wanashona viatu pamoja.

Sasa sikilizeni ambacho fundi viatu hakujua. Siku filamu ile ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Kinanda alikuwa anatimiza siku ya tisa akilala kwa ndugu yake. Alikuwa amemkosea mkewe, kosa la kweli siyo la kusingiziwa, na mke alikuwa amebadilisha kufuli. Ukumbini walifika kila mmoja kwa njia yake. Mama alikaa kwenye kreti akanong'ona kila neno kwa haki, maana kazi ni kazi, ila kikombe cha maji alikiweka chini sakafuni, mwenye kiu akapapase. Walipofika kwenye benchi, Kinanda alifunika kipaza sauti kwa kiganja akauliza, "Ni nini kile?" Nakala ilikuwa na giza na mikwaruzo, kifurushi kilionekana kama doa. "Hicho sijui," alijibu mkewe. Ndipo Kinanda akaondoa kiganja, akasema ni ufunguo, na sauti ikamkatika katikati. Watu mia tatu walitokwa na machozi wakidhani wanamlilia mpakia mizigo. Kumbe mtu alikuwa anamwomba mkewe amfungulie mlango.

Jioni hiyo mkewe alimpa ufunguo wa kufuli jipya, umefungwa kwenye pembe ya leso. Hawakulizungumza tena. Lakini ndiyo maana swali lile la daftarini mke hakulijibu. Katika miaka yote ile, neno hilo peke yake ndilo ambalo halikupita kwanza kinywani mwake. Mume alilisema kwa shida yake. Yeye alisemeje? Na akisema kingine, watu watasema mke wa Kinanda amekuja kumsahihisha mumewe siku ya maradhi yake.

Wiki nzima alifanya mazoezi jikoni, mwiko mkononi badala ya kipaza sauti. Binti alikaa hatua nne mbali naye akimenya viazi.

"Sauti, mama. Niko hapa hapa na sikusikii."

"Nikipaza najisikia kama nagombana."

"Basi gombana. Nani amekukataza? Baba alikuwa anagombana kila Jumamosi na watu wanamlipa."

Mama akavuta pumzi, akafumba macho, akamfikiria mwenye ukumbi akicheka. "Mwizi mkubwa wewe, umekula mzigo wa watu na mdomo bado una mafuta," alisema, na kifuniko cha sufuria kikalia juu ya rafu. Baada ya dakika moja jirani alitokea mlangoni na mpini wa ufagio akiuliza mwizi kapitia wapi. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kutoka chumbani Kinanda aligonga ukuta mara mbili, na kicheko kikakoma.

Hakula nao wiki ile. Sahani yake ilipelekwa na kurudi nusu. Binti, ambaye kazini alikuwa mpole kwa wagonjwa wa watu wengine, alimwambia mama yake kwamba baba anajitakia. "Hapana," alisema mama. "Mtu amejulikana kwa kitu kimoja maisha yake yote, halafu kitu chenyewe kimeondoka na kumwacha yeye. Ungekula wewe?"

Jumamosi saa tisa alasiri Kinanda alikuwa amelala, uso ukutani. Mkewe alivaa gauni la kahawia alilokuwa akilivaa siku zote, maana ndilo lililozoea kazi ile. Alisimama mlangoni mwa chumba.

"Birika la maji nimelijaza, liko mezani," alisema. "Leo sina mkono wa kulibeba." Mgongo haukusogea. Akatoka na binti yake.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mwenye ukumbi alipanda mbele, akashukuru miaka ishirini, akasema mzee wetu anaendelea vizuri na leo atatutafsiria mke wa Kinanda. Watu waligeukiana. Sauti ya kiume ikatoka nyuma: "Chai tutaletewa wakati wa mapumziko au sasa hivi?" Kicheko kikapita benchi kwa benchi. Kasuku alikuwa mbele kabisa, miguu ameikunja, ametulia kama mtu anayesubiri chakula ambacho tayari kimeshapakuliwa.

Mama alikaa kwenye kiti. Kilikuwa na shimo lililochimbwa na miaka ya Kinanda, na yeye mwembamba akazama humo. Taa zikazimwa, treni ikapita kwenye kitambaa, mpakia mizigo akasema neno lake la kwanza, na yeye akalinong'ona.

"Hatusikii."

Akanong'ona la pili.

"Sauti, mama. Au tumwite Kasuku?"

Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu, na kwa mara ya kwanza alijua mumewe alikuwa anakaa mahali gani miaka yote ile: mbele ya mdomo wa simba. Binti kwenye benchi la tatu alikuwa ameshika mashavu. Kwenye picha mama mkwe wa mpakia mizigo akaingia stesheni na kikapu, akafungua mdomo kumtukana mkwewe, na mke wa Kinanda akafumba macho sekunde moja, kama kule jikoni, akagombana.

Ukumbi ukacheka, kicheko cha aina nyingine. Kumbe mama mkwe yule alikuwa na maneno. Kinanda alikuwa akimpa sauti kali na kelele nyingi, na pumzi ikimwisha akaruka nusu ya matusi. Mkewe hakuruka hata moja. Alimwacha aseme kwamba binti yake ameolewa na kamba, na kwamba siku moja atamkuta amemfunga kwenye behewa la ng'ombe akampeleka kusikojulikana. Watu wakapigana mabega. Mtu mmoja akasema kwa mshangao kwamba ameitazama filamu hii mara kumi na hakuwahi kujua yule mwanamke ni mcheshi.

Tangu hapo watu walikuwa wake. Hakubana pua wala hakunguruma. Aliwapa maneno kama yalivyo, makavu pale yalipokuwa makavu, na pale mtu alipokuwa akilia aliongea polepole zaidi, basi, na ilitosha. Ninawajua wasomi waliokaa shule miaka ishirini wasioweza kufanya hivyo kwa barua ya ukurasa mmoja.

Ikaja ile sehemu ya mwanzo ambapo mpakia mizigo anamfungia mkewe kitambaa cha chakula na mke anashindwa kukifungua, anang'ata fundo kwa meno, mume anacheka. Kwenye nakala ya zamani picha hapo ilirukaruka na sauti ilimezwa na mkwaruzo. Kinanda na mkewe walizoea kuipita haraka. Leo ilionekana wazi. Fundo lilikuwa na masikio mawili, moja limekunjwa chini ya jingine. Na maneno yalisikika, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili.

"Anasema, fundo langu halitaki kucha, linataka subira," alitafsiri. "Mke anasema, nitajifunza, na nikijua nitakufungia wewe."

Koo likamkauka. Bila kufikiri alinyoosha mkono wa kushoto nyuma, kama alivyomwona mumewe akifanya mara elfu, akakumbuka kwamba hapo hapana mtu, akataka kuurudisha. Kikombe kikagusa vidole vyake.

Hakugeuka. Alikunywa, maji yalikuwa ya uvuguvugu kama alivyopenda Kinanda mwenyewe, akakirudisha kikombe nyuma na kikapokewa. Sentensi mbili zilimpita hapo bila kutafsiriwa. Hakuna aliyemlaumu.

Kisha miaka kumi na mmoja ikapita kwenye kitambaa, na benchi likafika.

Ukumbi wote ulijua kinachokuja. Mabenchi yaliacha kulia. Fundi viatu alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti chake, na Kasuku alikuwa amekunjua miguu, midomo ikichezacheza, neno limeshamjaa kinywani. Mwanamke mzee akatazama saa ya ukutani, akaweka kifurushi, akaondoka. Mume akashuka. Akakichukua.

Mama alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ni nini kile?" aliuliza kuelekea kwenye pazia.

Alisikia kreti ikilia. Alisikia pumzi, halafu ile sauti iliyobaki, kama karatasi inayokwaruzwa. "Hicho sijui," alisema Kinanda. Kisha, kwa shida, "Sema wewe."

Akakigeukia kitambaa cheupe. Mpakia mizigo alikuwa anakipima kifurushi mkononi, na nakala ilikuwa safi kweli, unaona mpaka vifungo vya shati. Akatazama pale ambapo mtaa mzima, na yeye mwenyewe, hawakuwahi kutazama kwa sababu walishughulika na kilichomo.

"Tazameni fundo," alisema. Hakupaza sauti na kila mtu alimsikia. "Lina masikio mawili. Moja limekunjwa chini ya jingine. Ni lile fundo lake mwenyewe, ambalo hakuna mwingine stesheni nzima aliyeliweza. Mke amelifunga. Amejifunza. Kwa miaka kumi na mmoja, peke yake, hakuna wa kumwonyesha, amejifunza."

Mpakia mizigo akaweka kidole gumba juu ya fundo na hakulifungua. Majina yakaanza kupanda.

Hakuna aliyeinuka. Fundi viatu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu. "Na ufunguo, mama? Umeondoka?"

"Ufunguo umo ndani," alisema. "Aliyewaambia umo aliwaambia kweli. Mimi nawaambia tu nani amefunga."

Ndipo wakapiga makofi, na wengine walikuwa wanajifuta macho kwa mikono ya mashati. Mkunga mstaafu alitangaza kwamba jino pia linaweza kuwemo, nafasi ipo. Kasuku alibaki amekaa. "Mara thelathini," alimwambia jirani yake. "Nimeitazama mara thelathini, na fundo sikuliona." Nampenda kijana yule kwa kusema hivyo. Wengi wangekwenda zao wakanuna.

Mwenye ukumbi alikuja nyuma akiwa anatabasamu kwa meno yote. Aliposogeza pazia alimkuta Kinanda ameketi juu ya kreti, birika katikati ya miguu.

"Shemeji, sina la kusema," alisema. "Kiti ni chako."

"Viti viwili," alisema mama.

"Viwili vya nini?"

"Kimoja mbele, kimoja hapa nyuma. Chenye mgongo. Mimi nimekalia kreti hii tangu mwanzo, najua kiuno kinavyosema mtu akifika nyumbani. Mume wangu hatakalia kreti."

Mwenye ukumbi alianza kukubali, kisha akasita. Alitazama kreti, akatazama pazia, akatazama umbali kati ya kreti na kiti. "Tangu mwanzo ulikuwa unakaa hapa unafanya nini? Saa mbili nzima?"

"Nilikuwa nampa maji," alisema mama, haraka, na kwa ile sauti yake ya zamani ya kuongea na chumvi.

Kinanda alikuwa ameshatoa daftari. Mkewe aliona, akamwekea mkono begani amzuie, na Kinanda akautoa ule mkono taratibu, akaandika bila kukandamiza kalamu. Akachana ukurasa. Mwenye ukumbi aliusoma midomo ikitembea.

*Sikumfundisha mimi. Maneno yote yalikuwa yake. Langu lilikuwa moja.*

Alisoma mara ya pili. Alimtazama mwanamke yule wa gauni la kahawia kama mtu anayehesabu upya miaka yake yote. Hakucheka, na nadhani kicheko ndicho Kinanda alichokuwa amejiandaa nacho, na hakikuja.

"Lipi?" aliuliza mwishowe.

Kinanda akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa nyumba. Ulikuwa bado umefungwa kwenye pembe ya leso kuukuu iliyokwisha rangi. Alimwonyesha, akaurudisha mfukoni, akachukua birika kwa mkono mmoja na mkewe kwa mkono wa pili, akatumia neno lake la mwisho la siku ile.

"Twende," alisema.